Simu Zilizozimwa Bado Zinaimba

Dada,

Nimefika kijijini Samunge salama, mgongo ukiwa hoi na nywele nyekundu kwa vumbi la Engaruka. Tulipopita chini ya mlima Ol Doinyo Lengai nilikukumbuka, maana ungetaka tusimame. Hapa bado wananionyesha magari yalipopanga foleni mwaka 2011, watu wakifuata kikombe cha dawa cha Babu Mwasapile.

Mimi lakini nimenaswa na kikapu kinachoning'inia kwa mama mwenyeji wangu. Ndani mna redio isiyo na kifuniko, chaja na simu tatu. Unakumbuka Juni 16, 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia? Mbili kati ya hizo zilizimwa usiku ule. Moja sasa ni tochi ya zizini. Nyingine inapiga nyimbo za kwenye kadi hadi leo. Nilipomuuliza kwa nini hazitupi, alishangaa: "Nitupe spea?" Fundi hung'oa kioo hapa, spika pale, kitu kinafufuka. Nimeipenda akili hiyo kuliko yetu sisi wa mjini, tunaofungia televisheni mbovu stoo miaka kumi.

Kinachoniumiza ni betri. Za redio huanikwa juani zipate nguvu ya siku mbili. Zikifa kabisa hutumbukizwa chooni, au watoto huzipasua wachezee ule unga mweusi. Betri ya sola ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani mna risasi na tindikali. Jana nimekuta moja imepasuka, imelala ubavu hatua chache kutoka mfereji. Dada, mifereji ya Wabatemi, wenyeji wa hapa, unaijua: wazee hugawa maji yake kwa zamu tangu vizazi na vizazi, na mashamba yote yanayategemea hayo hayo.

Kanuni za taka za kielektroniki zilitoka 2021, mwaka uleule aliofariki Babu, zikitaka taka hizi zikusanywe na wenye kibali. Huku sijakutana na mkusanyaji hata mmoja. Lori linaloleta sola mpya, hata hivyo, hurudi Arusha karibu tupu, na mjini betri za risasi zinanunuliwa kwa kilo. Nimezungumza na dereva. Amekubali kubeba betri nne za sola, zikisimamishwa wima zisimwage maji.

Nawe ukija Desemba, redio kuukuu usilete. Njoo na ndoo kubwa yenye mfuniko, tuondoke nayo imejaa betri za redio.

Mdogo wako