Intaneti Ina Makanga, na Ukiwa na Mmoja Tu Umeisha

Wasee wengi hudhani intaneti ina ofisi kubwa mahali, na bosi anayeamua video yako ipite wapi. Hakuna kitu kama hicho. Intaneti ni mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea: ya kampuni za simu, benki, vyuo, serikali. Kila mmoja una namba yake na unaongea na majirani zake tu.

Kinachoiunganisha yote ni itifaki inaitwa BGP, iliyoanza 1989. Ukitaka kuielewa, enda steji usikilize makanga: "Rongai kupitia Lang'ata!" Ruta hufanya hivo hivo. Mtandao unatangaza kwa jirani: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu. Jirani anaongeza namba yake kwa orodha ya njia, anawaambia wengine. Ruta ikisikia matangazo mawili ya mahali pamoja, mara nyingi inachagua njia inayopita mitandao michache. Lakini pesa pia inaongea: njia ya bei nafuu inaweza kushinda iliyo fupi. Kama abiria tu.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mnakumbuka hiyo Jumapili, video zinazunguka tu? Lakini Kenya haikuzimika. Njia zilizokatika ziliondolewa kwa matangazo, ruta zikafuata majirani waliobaki, data ikapitia nyaya zingine kama TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah. Foleni ilikuwa mbaya, lakini watu walifika.

Sasa linganisha na 4 Oktoba 2021. Wakati wa matengenezo ya kawaida, amri moja ilikata mtandao wa ndani unaounganisha vituo vya data vya Facebook. Seva zinazoiambia dunia anwani za kampuni hiyo zilipoona haziwezi kufikia vituo hivyo, ziliacha kujitangaza kwa BGP. Makanga akanyamaza. Picha zako zilikuwa palepale, ila hakuna aliyejua njia ya kufika. Facebook, Instagram na WhatsApp, zote chini kwa saa sita hivi. Hata wahandisi wao walichelewa, juu vifaa vyao vya kazi vilitegemea mtandao uleule.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo hunisumbua. Mimi niliacha chuo, na kodi ya nyumba inatoka kwa video. Mwaka jana akaunti yangu kwa jukwaa moja, sitalitaja, ilifungwa siku nne bila sababu yoyote kuelezwa. Wafuasi wangu walikuwepo, mimi nilikuwepo, lakini hakukuwa na njia kati yetu.

Tunaambiwa kila siku: chagua jukwaa moja, likazanie, utatoboa. Sikubali. Mtandao ulio na jirani mmoja tu wa kuutangaza uko sawa mpaka siku huyo jirani atalala. Ndiyo maana mitandao mikubwa hulipia njia mbili au tatu, hata kama moja itakaa miezi bila kazi. Ni gharama, najua. Lakini siku waya ukikatika, hiyo ndiyo inakubeba.

Siku hizi nina daftari la namba za simu za watu wanaonipa kazi, na orodha ya barua pepe za wanaotaka video mpya. Inanikula jioni moja kila wiki na hainiletei laiki hata moja. Kama unauza keki, unanyoa, unapiga picha, anza leo. Chukua namba za watu kumi wanaokulipa, uziandike mahali ambapo hakuna jukwaa linaweza kukufungia.