Miguu Niliyowaachia Wengine

Injili ya Luka yatueleza kwamba Bikira Maria, baada ya kupashwa habari na malaika, aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milima kumtembelea Elizabeti, jamaa yake. Sisi wakaaji wa Bukavu hatuhitaji kufafanuliwa maana ya nchi ya milima. Mji wetu umejengwa juu ya mabega ya vilima, toka ukingo wa ziwa Kivu hadi Kadutu na Bagira, wala hakuna awezaye kumtembelea ndugu yake bila kupanda au kushuka. Hata hivyo mimi niliishi humu miaka mingi kama mtu wa nchi tambarare. Sikupanda wala sikushuka, nilipelekwa.

Niwaeleze siku yangu jinsi ilivyokuwa. Asubuhi pikipiki ilinisubiri mlangoni, ingawa kutoka nyumbani hadi kazini ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Ofisini niliketi hadi saa kumi alasiri. Karatasi ikihitajika kutoka chumba cha pili, nilimtuma kijana. Jioni nilipanda pikipiki tena, kisha nikaketi mbele ya televisheni hadi usingizi uliponichukua. Kiu iliponishika niliita: “Mwanangu, niletee maji.” Rimoti ilipokuwa mezani, hatua tatu toka kwangu, niliita tena. Hata Jumapili nilikwenda Misa nikiwa nimeketi katika gari la shemeji. Nikihesabu kwa haki, sidhani kama nilikuwa nikitembea nusu saa kwa siku nzima.

Siku moja, katika kituo cha afya, muuguzi alinipima akakuta kilo 96 kwa urefu wa mita 1.70. Alifanya hesabu yake, akapata 33. Alinieleza kwamba kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene unaohesabiwa kuwa ugonjwa. Tansio yangu ilikuwa 16 kwa 10. Akaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima kuutumikisha mwili kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na kwamba kutembea kwa haraka kidogo kunatosha. Dakika 150 ni nusu saa tu, siku tano za juma. Nilichukua vidonge, nikamshukuru, nikaita pikipiki.

Mbona sikumsikia? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani sababu ya kwanza ni sifa. Kwetu, neno la kwanza tunalomwambia ndugu tuliyekosa kumwona siku nyingi ni “Umenenepa!”, nalo ni pongezi. Aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama anaugua au kama kazi imekwisha. Tumbo langu lilikuwa cheti kilichoonyesha kwamba nyumbani mwangu watu wanakula.

Sababu ya pili imelala chini zaidi. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa Oktoba 1996, mwezi uleule aliouawa Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Tulitembea kwa miguu kuelekea Walungu, mama yangu akiwa na godoro kichwani. Tangu hapo, moyoni mwangu, kutembea kulifanana na kukimbia, na kuketi kulifanana na amani. Nilipopata mshahara, jambo la kwanza nililojinunulia lilikuwa haki ya kutotembea.

Lakini siandiki haya kwa ajili ya tumbo langu. Naandika kwa ajili ya mzee mmoja.

Alikuwa katekista. Ndiye aliyenitayarisha kwa komunyo ya kwanza, na wakati wa ujana wake alikuwa akienda kwa miguu kutoka kilima hadi kilima kufundisha watoto wa watu. Alipougua, chama chetu kiligawana zamu za kumtembelea. Nyumba yake iko Cimpunda, chini ya mteremko ambamo pikipiki haiingii. Huteremkwa kwa vidaraja vilivyochongwa katika udongo, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Zamu yangu ya kwanza ilipofika, nilitazama mteremko ule toka juu, nikarudi. Nilituma bahasha kwa mkono wa mwenzangu, pamoja na neno kwamba magoti yananiuma. Zamu ya pili nilituma bahasha. Zamu ya tatu vilevile. Magoti yangu hayakuwa na neno wakati ule. Nilichokosa ni pumzi, na zaidi ya pumzi, nilikosa mazoea ya kusimama.

Alifariki katika juma la pili la Majilio. Kwenye kilio sikuweza kutuma bahasha, nikateremka. Nilipumzika mara tatu, nikifika chini shati limelowa na moyo unapiga mpaka masikioni. Mjane alikuwa ameketi mkekani pamoja na mama wengine. Aliponiona nikihema, yeye mwenyewe, siku ya msiba wake, aliinuka akaniletea kiti. Akasema: “Keti, Papa. Mzee alikuwa akituambia tusikulaumu, kwa sababu magoti yanakutesa. Kila jioni alikuombea magoti yako.”

Niliketi. Kiti kile sitakisahau.

Dominika ya nne ya Majilio ilipofika, Injili iliyosomwa ilikuwa ile ya Maria na Elizabeti. Nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba habari ile ina miguu ndani yake. Maria angeweza kutuma salamu. Hakutuma, alikwenda, naye alikuwa mjamzito. Vivyo hivyo wale wafuasi wawili wa Emau. Luka asema kijiji kile kilikuwa mbali na Yerusalemu kwa stadio sitini, nazo ni kama kilomita 11. Walipomtambua Bwana katika kuumega mkate, ilikuwa jioni, nao waliinuka saa ileile wakarudi kuwapasha wenzao habari. Imani yao iliwatembeza kilomita 22 katika siku moja.

Naomba nieleweke vema. Unene si dhambi. Wako wanaonenepa kwa sababu ya ugonjwa, ya dawa, ya uzazi au ya umri, na wako wembamba walio wavivu kunishinda. Mapokeo yasema hata Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa mtu mnene, naye aliitumikia akili ya Kanisa kuliko wengi. Tusimcheke mtu kwa ajili ya mwili wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yatufundisha mambo mawili pamoja: kwamba uhai na afya ni vipaji tulivyokabidhiwa na Mungu, tuvitunze kwa busara na kwa kiasi, na kwamba tusiugeuze mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Kosa langu halikupimwa kwa mizani. Nilikuwa nimewaachia wengine miguu yangu: mtoto wangu, kijana wa ofisini, mwenzangu wa chama aliyebeba bahasha. Mtumishi asiyeweza kuinuka anatumikia nini?

Juma lile nilianza kutembea kwenda kazini. Siku ya kwanza, kwenye mpando, mama wabeba mizigo walinipita, kamba zimewakaza kwenye paji la uso, magunia ya muhogo mgongoni. Mmoja aligeuka akasema: “Pole, Papa.” Mimi sikuwa na mzigo wowote mkononi. Usiku ule, kiu iliponishika, niliinuka nikaenda kujichotea maji. Binti yangu mdogo alinifuata jikoni, macho yamemtoka, akauliza: “Papa, nimekosa nini?” Alidhani nimemkasirikia. Ndipo nilipojua ni kwa muda gani nilikuwa nimekaa.

Sasa imepita miezi kumi na mmoja. Mizani yasoma kilo 89. Kwa hesabu ya muuguzi, bado nimepita 30. Vidonge vya tansio ningali navimeza, maana yeye mwenyewe amenikataza kuviacha bila ruhusa. Nimepunguza sukari katika chai na bugali ya usiku, lakini nakiri kwamba kuna jioni ambazo kiti hunishinda. Jambo moja tu sijalikosa: kila Alhamisi nateremka Cimpunda kumtembelea mjane yule. Bado napumzika, ila mara moja tu. Nilimwambia ukweli juu ya magoti. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Basi sala ya Mzee imesikilizwa, ingawa aliomba asichokijua.”

Wapendwa wanachama, chama chetu kina orodha ya wagonjwa, nayo ina majina ya watu wakaao palipo rahisi kufika, na majina ya wale wakaao chini ya miteremko. Tazameni ni majina yapi yanayopokea wageni, na ni yapi yanayopokea bahasha. Sadaka ya fedha ni njema, wala asiitoe kwa aibu yule asiyeweza kutembea kweli. Lakini sisi tunaoweza, tuanze na yale yaliyo karibu: glasi ya maji, karatasi ya chumba cha pili, njia ya kwenda Misa. Nusu saa ambayo muuguzi aliniomba kwa ajili ya moyo wangu ndiyo inayonifikisha kwenye mlango wa mjane.

Ee Maria, uliyeinuka ukaenda milimani, utuombee sisi tulioketi.