Wamefika, Wameshika

Mafundi wengi wa Masisi wakiunda bafle huijaribu kwa muziki. Mimi huijaribu kwa maneno.

Ndani ya sanduku, krosova hugawa sauti: za chini huenda kwenye spika kubwa, za juu kwenye twita. Kapasita ya mikrofaradi 6.8 na twita ya omu 8 huweka mpaka karibu na hezi 2,900. Irabu hukaa zaidi chini ya mpaka huo. F, s na sh zaidi juu yake. Kapasita ikifa, au lehemu ikiachia (bati lake huenda lilitoka Bisie, Walikale), muziki bado unavuma, lakini "wamefika Sake" na "wameshika Sake" hukaribia kufanana. Kwa tangazo la namna hiyo familia huamua kubaki au kukimbia. Ndiyo maana jozi za darasa la fonolojia ndizo kipimo changu cha kwanza.