Sehemu ya Kijana Wetu Katika Maji ya Tanganyika

Katika nyumba nyingi za kwetu, chakula kinapopakuliwa na mmoja wa jamaa hayupo, sehemu yake hutengwa kwanza, ikafunikwa kwa sahani na kuwekwa kando, hata kama haijulikani atarudi saa ngapi. Marehemu baba yetu alikuwa akisema kwamba asiyetengewa chakula nyumbani huanza kuwa mgeni. Mwezi wa Julai 2019 tuliijaribu desturi hiyo katika jambo lisiloweza kufunikwa kwa sahani, nalo ni likizo. Msomaji atanisamehe nikisimulia habari za nyumbani kwetu; naamini zipo nyumba nyingi zenye kijana aliye mbali.

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alikuwa askari katika kikosi cha Burundi kilichokuwa Somalia katika ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Afrika. Askari wa kwanza wa Burundi walifika Mogadishu Desemba 2007, naye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi. Mwaka 2019 zamu yake ilimfikisha pande za Jowhar, mji ulio kando ya mto Shabelle, kaskazini ya Mogadishu. Mama hakuipinga safari ile. Lakini hakusahau habari za Juni 2015, kambi ya Leego iliposhambuliwa na askari wengi wa Burundi wakauawa. Tangu kijana wake aondoke, redio haikuzimwa saa ya taarifa ya habari, na simu ililala karibu na kichwa chake.

Siku moja kijana alituma fedha alizoziweka kidogo kidogo, na pamoja nazo maagizo. Mama alitaka zinunue mabati. Yeye akakataa. "Dada," aliniambia kwa simu, "mabati yatangoja. Mpeleke mama ziwani, kule Rumonge alikozaliwa. Mkae siku nne. Na kila jioni mnipe sehemu yangu."

MAMA NA ZIWA

Hapa yanipasa nieleze kwa nini ombi hilo halikuwa jepesi. Mama alizaliwa Rumonge, na alikuwa na umri wa miaka 7 ilipotokea misiba ya mwaka 1972. Wazazi wake walimpakia mtumbwini usiku, bila taa, wakashika njia ya kusini mpaka nchi ya Kigoma. Huko ndiko alikokulia na kuolewa, na huko ndiko tulikozaliwa sisi watoto wake. Tulirudi Burundi mwaka 2008 tukakaa Bujumbura, mahali ambapo ziwa huonekana kila asubuhi mtu afunguapo mlango. Hata hivyo, kwa miaka 11 mama hakutia mguu wake katika maji yale. Watoto wangu walipomwita pwani siku za Jumapili, alijibu, "Maji yale nayajua," kisha akanyamaza.

Aliposikia ombi la mwanawe alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alianza kukunja nguo zake, na hakuna aliyemwuliza neno.

NJIA YA KUSINI

Tuliondoka Bujumbura mwisho wa Julai, wakati wa kiangazi, tukiwa sita: mama, mimi na mume wangu, mdogo wangu wa kike, na watoto wangu wawili. Barabara ya kwenda Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75, hupita katikati ya mlima na maji. Mkono wa kushoto vilima vimeinuka ghafula, vina mashamba ya muhogo na migomba mpaka juu. Mkono wa kulia ni ziwa lenyewe, na ng'ambo yake milima ya Kongo, ambayo wakati wa kiangazi hufifia katika ukungu kama moshi wa mbali.

Pale Mugere tulisimama kutazama jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa ofisini, sikuweza kujizuia kuwafundisha watoto. Niliwaambia kwamba wasafiri hao walikutana Ujiji mwaka huo, kisha wakaja kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ili wajue kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, nao wakaona kwamba unaingia. Niliwaambia pia kwamba ziwa hili lina urefu wa kilomita 673, na kina chake hufika mita 1,470, hata hapana ziwa lenye kina kulishinda duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wageni wawili walipumzika hapa wakawekewa jiwe. Sisi tuliopita usiku tulikuwa wengi." Halafu akarudi garini.

Jioni ile tulituma sehemu ya kwanza: picha ya jiwe, picha ya barabara, na sauti ya mwanangu mdogo akihesabu mitumbwi. Jibu lilikuja usiku. Kijana alisema kwamba kwao kuna mto lakini hawauogi, na akaomba kesho yake apelekwe sokoni.

SAMAKI NA MAWESE

Basi tulimpeleka. Rumonge ni nchi ya michikichi, na harufu ya mawese mabichi humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Lakini uhai wa mji wenyewe uko ufukoni, kati ya alfajiri na saa tatu asubuhi. Wavuvi wa ndagala hutoka jioni kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, yenye taa na wavu mkubwa. Taa huwavuta samaki wadogo juu, nao wavu uliozamishwa chini huinuliwa. Kwa sababu hiyo usiku wa mbalamwezi haufai, maana mwanga wa mwezi huenea majini kote na taa hukosa nguvu. Tulipofika mwezi ulikuwa umepungua, na usiku tuliona taa nyingi mbali majini, hata mwanangu akauliza kama kule kuna mji.

Asubuhi wanawake walikuwa wakianika ndagala juu ya vichanja vya nyavu za waya, vilivyoinuliwa ili samaki wasishike mchanga. Mama aliwakaribia, akashika konzi moja, akanusa, akasema kwamba wale walikuwa wa jana. Muuzaji alicheka akakubali. Ilikuwa mara ya kwanza safarini kumwona mama akitabasamu. Tulinunua mukeke wawili wa kukaanga kwa mawese, tukala kwa ugali wa muhogo, na sehemu ya kijana tukaitenga kwa namna mbili. Tulimtumia sauti ya soko lile, na tukanunua kilo mbili za ndagala wakavu, tukawafunga vizuri ili mwenzake aliyekuwa likizoni ampelekee.

SIKU MBILI ZA KIMYA

Jioni ya pili tulituma habari, na jibu halikuja. Siku ya tatu hatukupata neno. Sote tulijua kwamba askari hana ruhusa ya kushika simu apendapo, na kila mmoja alimweleza mwenzake hivyo, ila hakuna aliyekula vizuri. Usiku mama alikaa nje akizitazama taa za wavuvi. Nilimfuata. Aliniambia, "Mwanangu, usiku ule wa 1972 mama yangu aliniziba kinywa nisilie. Tangu hapo nikiona maji haya, naona nimezibwa. Na sasa ziwa limenyamaza na mtoto wangu pia." Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa naye mpaka baridi ikatuingiza ndani.

Siku ya nne asubuhi alikuwa amekwisha kufunga mizigo, na watoto walianza kulia. Ndipo simu ikalia. Kijana alikuwa mzima. Walisindikiza msafara wa magari, na simu zote zilikuwa zimezimwa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sehemu yangu ya juzi na ya jana iko wapi?"

Mama alichukua simu, akavua viatu, akashuka pwani peke yake. Aliingia majini hadi magotini, na kanga yake ikalowa. Hakusema na mwanawe juu ya mabati wala juu ya hofu yake. Aliinamisha simu karibu na maji, akaiacha hapo muda mrefu, ili kijana asikie mawimbi yakipiga mchanga. Sisi tuliokuwa ukingoni hatukusikia walilozungumza baadaye, wala hatukuuliza.

SEHEMU ILIYOBAKI

Kijana alirudi salama mwanzoni mwa mwaka 2020, lakini alipangiwa kazi mbali na ziwa, asipate nafasi ya kwenda Rumonge mpaka Juni 2021. Wakati huo maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda kuliko ilivyozoeleka, yakaingia katika nyumba za watu wengi wa pwani, na mwaka 2024 yakapanda tena. Pale mama aliposimama hapakuwa na mchanga tena. Palikuwa na maji na vichwa vya matete. Kijana alitoa simu yake, akatusikilizisha yale mawimbi ya mwaka 2019. Kumbe alikuwa ameihifadhi kila sehemu tuliyomtumia, na sisi wenyewe tulikuwa tumezipoteza picha zetu simu ilipoharibika.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtu wako aliye kazini ng'ambo, usiache kwenda mahali pazuri kwa kuona haya kwamba yeye hayupo. Nenda, ila umtengee. Usimtumie maneno ya kumpamba wala ya kumtia huruma. Mpe harufu ya soko kwa maneno, sauti ya watoto, bei ya samaki, na mzaha wa dereva. Hayo ndiyo yatakayompata pale alipo, na huenda siku moja akakurudishia wewe ulichokuwa umekipoteza.

Mabati tuliyanunua mwaka uliofuata. Mama husema nyumba haivuji, na kila kiangazi huuliza ni lini tutakwenda tena kusini.