Mtoto Alalaye Mdomo Wazi

Akina mama wenzetu, mmewahi kumtazama mtoto akiwa usingizini? Sisi tulio wauguzi hapa Kigoma, na ambao Jumapili twasaidia darasa la watoto kanisani, tumezoea kuwaona wanaosinzia saa nne asubuhi. Huitwa wavivu. Tukiwauliza mama zao, jibu ni lile lile: "Huyu anakoroma kama baba yake."

Nyuma ya pua, juu ya koo, kuna vinyama ambavyo daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen alivieleza mwaka 1868. Hukua utotoni, kisha husinyaa mtoto aingiapo ujana. Vikivimba mno huziba hewa, naye mtoto hupumulia mdomo. Hapo ulimi hushuka, hauegemei tena kaakaa, na mashavu hulibana taya la juu. Taya huwa jembamba, kaakaa hupanda, meno husongamana, kidevu hurudi nyuma na uso hurefuka. Sten Linder-Aronson wa Sweden alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wa namna hii mwaka 1970. Huko Marekani, Egil Harvold aliziba pua za kima wachanga, na taya na meno yao yakabadilika. (Twawahurumia kima wale, lakini walitufundisha.)

Ila tusiyafanye haya kuwa ramli. Uso mrefu waweza kuwa wa ukoo tu, na mwenye nao akapumua vizuri kabisa. Tangu 1931, Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani walipoonyesha njia, madaktari wa kupanga meno hupiga eksirei ya kichwa kwa ubavuni. Kwa wastani, aliye na taya la chini lililorudi nyuma huwa na njia ya hewa nyembamba zaidi, maana ulimi hurudi pamoja na taya. Hata hivyo picha hiyo haionyeshi upana wa njia, na kichwa kikiinama kidogo kipimo hubadilika.

Kinachotuumiza ni kimeo. Mama mmoja wa Kibirizi, mwanika dagaa, alikuwa ameshauriwa na mama mkwe wake ampeleke mwanawe wa miaka 5 akakatwe kimeo, eti ndicho kinachomkoromesha. Kimeo hakina kosa! Na wembe wa mtaani huleta damu isiyokatika, na pepopunda. Tulikwenda kwa bibi kwanza, kwani katika nyumba ile haliamuliwi neno bila yeye. Tukamwamkia, tukakaa mkekani, tukamwomba amsikilize mjukuu usiku: je, pumzi hukatika, kisha akashtuka?

Siku ya tatu bibi alikuja mwenyewe zahanati.

"Wanangu, inakatika. Nimehesabu hadi kumi."

Dalili hiyo haingoji mwakani. Mtoto alipelekwa Maweni, akaandikiwa rufaa ya kwenda Muhimbili kwa madaktari wa pua na koo. Meno yatafuata baadaye, ingawa si baadaye sana: kulipanua taya la juu ni rahisi zaidi kabla ya mfupa wa kaakaa kuungana imara, wakati wa ujana. Kwa sasa inatafutwa nauli. Kikundi chetu kimeanza kuchanga, na bibi, ambaye wiki ile alikuwa akiulizia mkata vimeo, ameuza gunia la dagaa.