Pikapu ilishushwa, bibi akapanda mwenyewe

Kwa mwezi wa tatu mfululizo bibi alisema hajisikii kwenda kliniki ya presha. "Mimi mzima, dawa bado zipo," alimwambia binti yake, kisha akaendelea kuchambua mchele. Vidonge vilikuwa vimebaki vinne.

Nyumba yao iko nje kidogo ya mji wa Morogoro. Gari la familia ni pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya mwaka 1994, ambayo baba huitumia kubebea wateja saruji na mbao. Ndiyo inayolipa ada za watoto. Mwenye gari wa kwanza aliongeza vyuma vizito kwenye springi za nyuma ili ibebe hadi mifuko 30 ya saruji. Tangu hapo gari lilisimama juu, na likiwa tupu lilimrusha abiria kwenye kila tuta.

Sababu ya bibi kukataa safari ilitajwa na mjukuu wa miaka 10, wakati wa chakula cha usiku. "Bibi hataki baba amshike."

Meza ilinyamaza. Safari ya mwisho, goti la bibi lilikataa akiwa mguu mmoja ndani ya gari, mwingine chini. Baba alimshika kiunoni akamnyanyua, majirani wakitazama. Kwake ulikuwa msaada. Kwa bibi, aliyelelewa akijua kwamba mkwe hampi mama mkwe hata mkono, ilikuwa aibu isiyosemeka. Hakumlaumu mtu. Aliacha tu kwenda.

Walijaribu stuli, ikacheza, bibi akarudi ndani. Walijaribu bajaji, lakini kwa mashimo ya mtaani alirudi ameshika mgongo. Ndipo baba alipokwenda gereji kuuliza kama pikapu inaweza kushushwa.

Fundi wa kwanza, kijana, alisema ni kazi ya saa moja: springi zinachomwa moto, zinalala. Bei yake ilikuwa ndogo. Fundi wa pili, mzee, alitikisa kichwa. "Springi ikichomwa inaharibika ule ugumu wake. Gari litashuka, ndiyo, lakini litagonga chini kwenye kila shimo, na siku moja springi itakatika ukiwa na mama mkwe ndani." Akalala chini ya gari na tochi, akahesabu vyuma. "Hili halikuzaliwa refu, limerefushwa. Tulirudishe lilivyokuwa."

Usiku ule baba na mama walipiga hesabu. Bila vyuma vya nyongeza, mzigo usingezidi mifuko 20, yaani tani 1. Mteja wa mifuko 30 angehitaji safari mbili na mafuta mara mbili. Baba alisitasita. Mama alimkumbusha alichosema fundi, kwamba vyuma vile viliongeza mzigo lakini havikuongeza breki. Kisha akasema, "Na mama yangu amebakiwa na vidonge vinne." Asubuhi gari lilikwenda gereji.

Kazi ilichukua siku mbili. Nyuma, fundi alitoa vyuma vya nyongeza, akasugua kutu kwenye vyuma vya asili ili viteleze vizuri, akabadilisha bushi za mpira zilizokuwa zimekauka. Mbele, gari hilo halina springi za namna hiyo. Uzito umebebwa na vyuma viwili virefu vinavyojipinda, kila kimoja na boliti yake ya kurekebisha. Fundi alizilegeza kidogo tu, pande zote sawa. Alieleza kwamba ukizilegeza sana, gari linakosa nafasi ya kucheza na linakuwa gumu kuliko mwanzo.

Kisha zikafungwa shokomzoba mpya nne, kwa kuwa za zamani zilivuja mafuta. Mzee alikagua pia valvu ya breki ya nyuma, inayopima uzito kwa kuangalia urefu wa gari. Gari likishushwa, valvu hiyo hudhani kuna mzigo, na breki za nyuma zinaweza kukamata ghafla. Akairekebisha. Mwisho zikaja alaimenti, taa za mbele na upepo wa matairi. Miaka yote baba alijaza upepo wa gari lenye mzigo hata likiwa tupu, na sehemu ya mruko ilitoka hapo.

Nyuma ilishuka sentimita 7, mbele 3. Si nyingi, lakini zilitosha kuchomelea kikanyagio chini ya mlango, usawa wa ngazi ya baraza, na kufunga kishikio kwa ndani.

Mzazi mwenye gari la aina hii amuulize fundi swali moja kabla ya kumkabidhi ufunguo: likishuka, litabaki na nafasi kiasi gani ya kucheza? Fundi asiye na jibu, aachwe.

Siku ya kliniki bibi aliweka mguu kwenye kikanyagio, akashika kishikio, akaketi. Mkono wa mtu haukumgusa. Kwenye tuta la kwanza alishika kiti kama kawaida yake, kisha akakiachia. "Baba, hili ndilo gari letu lilelile?" aliuliza.

"Ndilo, mama."

Kliniki walikuta presha imepanda, akabadilishiwa dawa. Daktari alimwambia asikose tena.

Safari za saruji sasa ni nyingi zaidi na faida ya kila moja imepungua. Baba hajasema kama anajutia. Kila siku ya kliniki huegesha pikapu karibu na baraza, humfungulia mama mkwe mlango, kisha huzunguka kwenda kutazama tairi la nyuma. Hulitazama hadi asikie mlango umefungwa.