Mkutano wa Umeme ni Lini?

Jioni moja nilikuwa Dimani, wilayani Kibiti, nimeketi barazani kwa mwenyeji wangu baada ya sala ya magharibi. Taa ilikuwa ikiwaka ukumbini, na mwanga wake ulipenya mlangoni hadi miguuni petu. Mwenyeji wangu ni mzee mkulima wa korosho, mwanachama wa siku nyingi wa chama cha msingi cha ushirika. Aliutazama waya utokao nguzoni kuingia nyumbani kwake, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, umeme tumeupata, alhamdulillahi. Sasa mkutano wake mkuu ni lini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Babu, umeme hauna mkutano. Una luku."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe sisi ni wateja tu."

Neno lile "tu" nilivuka nalo bahari kurudi kisiwani, na mpaka leo sijalitua. Nilicheka kwa kuwa nilidhani mzee amechanganya mambo mawili yasiyohusiana. Kumbe aliyechanganyikiwa ni mimi.

Mkulima wa korosho katika mkoa wa Pwani anajua mkutano ni kitu gani. Korosho zake huzipeleka ghalani, zikauzwa mnadani, na kabla fedha hazijamfikia hupunguzwa makato. Mkutanoni ndipo anapoyauliza makato hayo: hili la nini, na lile nani aliliidhinisha? Hapo husomwa hesabu, hupokewa habari za wagonjwa na misiba, hupigwa kura, na pengine watu hugombana hadi jua likatua. Sisemi kwamba ushirika ni pepo. Wakulima wenyewe wana mengi ya kulalamikia. Lakini anayelalamika pale hulalamika kama mwenye mali, wala si kama mpita njia.

Na umeme wenye mkutano umepata kuwako nchini. Mwaka 1993, huko Urambo mkoani Tabora, wakazi waliunda chama cha ushirika cha watumiaji umeme, na mwaka uliofuata mitambo ya dizeli ikaanza kuwasha taa zao. Hawakuwa peke yao: TANESCO ilishiriki, na msaada mwingine ulitoka Sweden. Bali uendeshaji ulikuwa mikononi mwa wanachama na kamati waliyoichagua. Umeme ule uliwaka kwa saa chache za jioni, na bei yake ilikuwa juu sana kuliko ile iliyolipwa na wateja wa gridi ya taifa. Hata hivyo wateja, ambao mwanzoni hawakufika mia moja, walizidi mia mbili kufikia mwaka 2002.

Kwa nini mtu akubali kulipa zaidi ili apate kidogo? Jibu jepesi ni kwamba mbadala wake ulikuwa kibatari. Lakini kibatari hakitoshi kueleza yote. Mimi naamini kwamba bei chungu humezeka pale anayeilipa anapojua imetoka wapi, na anapoweza kumsimamisha aliyeipanga na kumwuliza mbele za watu.

Marekani nayo ilipita njia hiyo. Katika miaka ya 1930 takriban shamba moja tu kati ya kumi ndilo lililokuwa na umeme, kwa kuwa makampuni hayakuona faida ya kusimika nguzo nyingi kwa ajili ya nyumba chache. Mwaka 1935 serikali ya Franklin Roosevelt iliunda wakala wa umeme vijijini, na sheria ya mwaka 1936 ikawawezesha wakulima kukopa na kujenga njia zao kwa ushirika: kila mwanachama kura moja, awe tajiri au fukara. Vyama hivyo vingi vingali hai, vina mikutano yao ya kila mwaka, na huwapelekea wanachama majarida ambamo tangazo la uchaguzi hukaa jirani na maelekezo ya mapishi na habari za watoto wa shule. Mtu atauliza, mapishi na nguzo vinahusiana nini? Vinahusiana kwa kuwa watu huisoma habari ya nguzo wakiikuta miongoni mwa habari zao wenyewe.

Turudi Rufiji. Juu ya mto huo, Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024. Mwezi Aprili mwaka huo huo mafuriko yakafunika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Wapo waliosema ni maji ya bwawa. Serikali ikaeleza kwamba ni mvua kubwa, na kwamba bila bwawa madhara yangezidi. Mimi si mhandisi wa kuamua. Nasema tu kwamba mwenye shamba la mpunga bondeni anahitaji kujua maji yatapanda lini, tena kabla hayajapanda. Habari isiyopitia mkutanoni hupitia vibarazani, na ifikapo huwa imekwisha kuota mbawa.

Najua nitakavyojibiwa. Gridi ya taifa ni nafuu. Mwanakijiji huunganishwa kwa shilingi 27,000. Nani atamani kurudi kwenye jenereta la saa chache? Hakuna, wala mzee wangu hakutamani hivyo. Hakuomba kuendesha mitambo. Aliomba aambiwe, naye asikilizwe.

Hilo halihitaji chama kipya. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji lipo pia. Kinachohitajika ni umeme kuwa ajenda ya kudumu: kitongoji gani kitafuata, nguzo gani imeinama, maji ya mto yanasemaje. Na sisi wananchi tuhudhurie, kwani mkutano wenye viti vitupu haumtetei mtu.

Nikijaaliwa kurudi Dimani, nitamwomba mzee radhi kwa kile kicheko. Kisha nitamwambia: "Babu, mkutano ni siku ile utakayosimama mbele ya kijiji na kuuliza."